Wakimbizi wa Uckermark

Benchi la kahawa la mama Musoki, pale mtaa wa Ngezi, hubeba watu watatu wembamba, au Docta peke yake na mdomo wake. Udaktari wenyewe hana. Aliwahi kuuza dawa tu. Mwenzake Kamate huitwa Satellite, kwani simu yake hunasa habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Asubuhi hiyo Musoki aliwamiminia kahawa. Bintiye Priscille amepata nafasi ya kusomea kutunza wazee huko Ujerumani, katika wilaya ya mashambani iitwayo Uckermark. Jibu linatakiwa leo, na binti anangoja neno la mama.

— Satellite, soma tena. Kule iko nini?

— Iko maziwa, mama. Mingi sana. Pori, mashamba, na batu kidogo.

— Juu ya nini batu kidogo? Musoki akauliza sababu.

— Maji ilibakula, akadakia Docta.

— Wacha bongo, usidanganye mama, Satellite akasema. Zamani barafu ilifunika kule yote. Ndiyo ilichimba ile maziwa.

— Barafu ichimbe? Ilishika jembe na mukono gani?

— Soma mbele, Musoki akasema.

— Kisha vita ikakuja, vita ya trente ans, miaka makumi tatu. Vijiji ikabaki mutupu. Nyuma yake, mukubwa wa kule akaita Bafaransa wenye kufukuzwa kwao juu ya dini. Bakafika, bakalima tumbaku.

— Basi hata ng'ombe ya kule inasikia Kifaransa, Docta akasema. Priscille atakamua akiongea tu.

Musoki hakucheka. Aliogopa, tena sana, mwanawe asije akaitwa mgeni mpaka aote mvi.

Mwanamke aliyekuwa akinywa kahawa amesimama kando akasogea. Ni Anastasie, aliyehamia mtaani mwezi uliopita akikimbia vita vya kwao Djugu.

— Pardon, bazee. Bale Bafaransa, ni siku gani batu baliacha kubaita bakimbizi?

Satellite akapekua simu juu na chini.

— Hapa habaseme, Satellite akajibu polepole. Banasema tu majina yao ingali kule, kwa batu ya pale pale.

Docta akainuka, benchi likapumua.

— Ikala, mama Anastasie. Kwako ni hapa.

Anastasie akaketi. Musoki akamtazama alivyokaa kama mwenyeji, moyo ukamtulia, akachukua simu yake.

— Priscille? Ubajibu ndiyo. Kisha ukuje, twende soko tutafute koti ya baridi.