Karieri Tuliyoipigia Makofi

"Mgeni rasmi, Bwana Léonce, mkurugenzi wa kampuni ya barabara, nanyi wageni wote mliopanda mlima kutoka mjini, na wewe, mwenyekiti wetu Mzee Salvator: amashyo!"

Dévote, msomaji wa risala ya wafugaji, aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Bwana Léonce, mtoto wa wafugaji hata kama leo kavaa tai, alijibu kwa sauti ya kifua, "Amashongore!" Watu wakapiga vigelegele. Salamu hiyo ya Kirundi ni kutakiana makundi ya ng'ombe, na Mrundi haijibu shingo upande. Dévote akarudi kwenye karatasi. Alijua kwamba risala hii ikienda mrama, mlima wa Rukoma utageuka shimo la kokoto, na ng'ombe wake Bihogo hatakuwa na pa kula.

KARIBU

"Sisi wafugaji wa Rukoma, hapa juu ya Kanyosha, tunakukaribisha kwa maziwa. Usiyaogope. Mama Miza, anayetupelekea maziwa sokoni kule Buyenzi, mjini, ameyaonja kwanza, na bado yupo."

Miza alisimama na kanga yake, akajizungusha ili aonekane mzima. Hata askari waliomsindikiza mgeni walicheka.

TULIKOTOKA

"Vita vilipopanda huku tulikimbia, kila mtu na alichoweza kushika. Ng'ombe wetu wakachukuliwa. Alibaki mmoja tu, Bihogo, aliyefichwa mjini jikoni kwa mtu, akila maganda ya ndizi. Tuliporudi, kila ndama wake alipewa jirani, na wa jirani akapewa jirani mwingine, bila kuulizana kabila. Ng'ombe wote unaowaona hapa ni uzao wa Bihogo."

Dévote hakusoma kwamba jiko lile lilikuwa lake mwenyewe. Aliacha kusoma, macho yakajaa maji.

"Soma, dada!" Miza akamtupia neno. "Ukilia, maziwa itachacha!"

MAFANIKIO

"Watoto wetu wanakunywa maziwa. Hilo kwetu ni kubwa. Tena tumeletewa karieri."

Lo! Watu wakaanza kukohoa, na Mzee Salvator akapata ghafla kazi ya kutazama viatu vyake. Mambo yalikuwa hivi: mtu wa kampuni alikuja kuwaambia kwa Kifaransa kwamba atawafungulia karieri. Mzee Salvator, aliyesoma kwa mapadri, akatafsiri bila wasiwasi, "Vijana yetu itapata kazi ya kupanda cheo mpaka uzee!" Makofi yakalia mlima mzima, wazee wakaweka dole gumba kwenye karatasi za kampuni. Kumbe neno lenyewe lina matumbo mawili: ni safari ya mtu kazini, na ni shimo la kuchimba mawe. Siku ya kuandikwa kazi, Darius, mtoto wa mzee, alifika na tai shingoni na diploma kwapani. Akapewa nyundo.

"Mgeni rasmi," Dévote aliendelea, akijikaza asicheke, "sisi tuliipigia makofi ile ya tai. Ya shimo bado hatujaipigia."

Bwana Léonce alitoa leso akajifuta macho kwa kicheko.

CHANGAMOTO

"Vigingi vyenu vya kupimia shimo vimesimama katikati ya malisho. Ng'ombe wanavipenda sana, wanajikunia. Bihogo ameshakula tepe nyekundu za vigingi, na tunaomba radhi kwa niaba yake. Lakini mgeni wetu, tusicheke tu. Nyasi hizi zikichimbwa hazirudi. Kijito kitakunywa vumbi. Bunduki zilitukimbiza, tukarudi. Kokoto zikitufukuza, tutarudi wapi?"

Hapo hakuna aliyekohoa. Bwana Léonce alirudisha leso mfukoni.

OMBI

"Barabara tunaitaka. Kwa mashimo yaliyopo, maziwa yanatoka hapa maziwa, yanafika Buyenzi siagi. Kokoto nazo zipo. Ng'ambo ya kijito kuna upande wa mawe matupu, ambapo hata mbuzi anapita bila kusimama. Chimbeni kule. Vijana watashika nyundo, hata Darius, akishavua tai.

"Mungu akufikishe salama kwa watoto wako, na barabara utakayoijenga ikutaje kwa wema. Ni sisi, Wafugaji wa Rukoma."

Risala ilikuwa imeishia hapo. Dévote alikunja karatasi, akamtazama mgeni usoni, akaongeza la kwake: "Amashyo!"

Bwana Léonce aliangalia vigingi. Alimwangalia Bihogo, aliyekuwa akijikuna shingo kwenye kimoja bila haya. Mtu atapokeaje makundi ya ng'ombe huku anachimba majani yao?

"We mama," mgeni akasema, akitikisa kichwa, "umenifunga kamba kwa salamu." Akamgeukia mtu wake wa vipimo. "Toa hizo vigingi yote. Peleka ngambo, kwenye mawe." Kisha akasimama wima. "Amashongore!"

Mlima ulilipuka kwa vigelegele. Dévote alikaa chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Salvator, kwa furaha, aliruka mbele na kuinua fimbo. "Jamani, ngojeni nitafsiri! Mkurugenzi amesema..."

"Apana, mzee!" Miza alimkamata koti. "Leo usitafsiri kitu. Hii tumesikia wenyewe."