Siku Niliyoambiwa Nifumbue Macho

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi. Naona leo kwenye mkutano wetu tuna wageni, kwa hiyo kabla ya ushuhuda wangu nijitambulishe: mimi ndiye yule mama wa Nyarugusu aliyekuwa akiongea kwa sauti ya marehemu babu yake. Msigeuziane macho. Ni mimi.

Nilizaliwa kijijini Shinyanga, kwenye ng'ombe na pamba. Nikiwa na miaka tisa nilianguka shambani, na nilipozinduka nikaambiwa nimeongea kwa sauti nzito ya babu, nimetaja kichaka alikopotelea fahali wetu. Fahali akapatikana. Nyumbani wakasema masamva, yaani mizimu ya wazee wetu, wamenichagua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: lile la siku ile silielewi mpaka leo. Lakini yaliyofuata nayaelewa vizuri, maana niliyafanya mwenyewe.

Ukubwani ndoa ilinishinda, nikaenda machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu kupikia wachimbaji. Siku moja walikuwa wanabishana wachimbe wapi. Nikaweka mwiko chini, nikafumba macho, nikaikaza sauti kama babu na kuwaonyesha penye kichuguu. Wakachimba, wakapata dhahabu. Bahati tu, jamani! Lakini tangu hapo sikushika mwiko tena. Watu walinifuata kutoka Kahama, hata Mwanza. Wengine waliniita mtakatifu, wengine mchawi. Mchungaji mmoja alinisema sokoni kwa kipaza sauti, sheikh naye akawakataza watu wake. Wakinipinga, nasema babu amekasirika, na watu wananyamaza. Kiburi kikanijaa mpaka utosini.

Ukafika msimu wa mvua. Asubuhi moja mkuu wa duara moja, shimo refu kweli, alinijia na wenzake.

"Babu," akaniambia, maana hivyo ndivyo walivyoniita nikifumba macho, "maji yameingia, na matimba yanayozuia kuta yamelegea. Tushuke au tusubiri?"

Nilikuwa nimechoka, nataka waondoke ninywe chai yangu. Nikanguruma, "Shukeni. Mimi nawashikia hizo kuta."

Wakashuka wanne, na kabla ya adhuhuri udongo ukawaporomokea. Waliwafukua wote wanne wakiwa hai, Mungu ashukuriwe. Lakini mmoja mguu wake ulikuwa umesagika. Hospitali wakaukata.

Siku ya tatu mke wake akaja. Nami, kwa mazoea, nikafumba macho.

"Fumbua macho, mama," akasema. "Sijamfuata babu. Nimekuja kwako. Asubuhi ile ulisikia kitu, au ulisema tu?"

Nikafumbua. Machozi yalikuwa yamemchora mistari kwenye vumbi la uso. Nilikuwa na uongo kumi tayari mdomoni, nikauona wote hautoshi.

"Nilisema tu," nikamjibu. "Sikusikia kitu."

Akajifuta uso kwa kanga. "Basi nenda kawaambie na hao wanaokuamini."

Nikaenda. Kesho yake nilisimama machimboni, nikayasema yote kwa sauti hii hii. Wengine walinirushia matope. Lakini walionitisha zaidi ni wale waliopiga magoti wakisema, "Babu anatujaribu!" Nilitengeneza kitu kikubwa kuliko mimi, nikashindwa hata kukivunja.

Mwenyekiti wa kitongoji alinificha ofisini kwake, kisha akanipakia pikipiki mpaka hapa Buseresere. Mwaka mzima watu walinifuata wakimtaka babu, na siku nyingine walinikuta sijala. Nilijaribiwa, sitawaficha. Sikurudi.

Namshukuru mama aliyenigawia nusu ya kibanda chake nikaange vitumbua, bila kuniuliza nilikotoka. Namshukuru yule mke, aliyenidai ukweli badala ya kunilaani. Na mumewe yuko hapa leo, kakaa pale na magongo yake. Nilipokwenda kumwomba radhi alisema, "Nimekusamehe, ila usiniombe nisahau." Kaka yangu, sitakuomba.

Somo langu ni fupi. Toba hairudishi mguu wa mtu. Lakini mdomo uliowapeleka watu shimoni unaweza kuwazuia wengine. Juzi wamekuja wachimbaji watatu wananiuliza wachimbe wapi. Nikawaambia, "Sijui. Ila mkishuka, yagongeni matimba yenu moja moja, na likilegea, rudini juu." Wakaguna, wakaondoka. Jana mmoja wao kapita kibandani, kanunua vitumbua, akaniambia walikuta matimba manne yameoza, wakarudi juu.