Lambert na Gari Lake Ruzizi

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ni Angélique, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nitasoma polepole, mnivumilie.

Lambert Cishugi alizaliwa Bukavu tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa kwanza wa Mzee Mweze, akasomea ufundi wa mitambo hapo hapo, akahitimu mwaka 1988 na kuajiriwa katika kiwanda cha sukari kwenye bonde la mto Ruzizi. Alifunga ndoa na Bijou tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa Ulrich mwaka 1997, vita vikawakimbiza, wakafika London mwaka 2000, na binti yao Miradie akazaliwa huku.

Alianza kwa kusafisha ofisi, kisha Bwana Hemant, mzaliwa wa Kisumu, akamchukua kwenye gereji yake ya Kenton, hapa London, na huko, kila Jumamosi kwa miaka mingi, wawili hao wakaunda gari la mbio alilolichora Lambert mwenyewe, gari la viti viwili, paa lake likimfika kiunoni, lenye bawa kubwa nyuma la kulikandamiza lisiruke, la aina inayobuniwa kwa ajili ya mashindano tu, akaliita Ruzizi, na halikuwa na pacha popote.

Mwezi Aprili 2019 lilishindana mara ya kwanza, injini ikachemka mapema, lakini Agosti, Ulrich akiwa usukani, likashika nafasi ya tatu, nasi tuliokuwepo tulimwona Lambert amekaa chini kwenye nyasi analia.

Ili lipate wepesi zaidi, alipunguza unene wa chuma kilichoshika bawa, na tarehe 2 Oktoba 2021, kwenye mvua, chuma kile kilikatika konani, gari likaruka, na Ulrich aliyekuwa usukani akafa papo hapo, akiwa na miaka ishirini na minne.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakurudi kwetu, alishinda gereji na vipande vile, akichora chuma kile upya na kukivunja upya, Hemant alipomwambia, "Bwana Lambert, basi, twende nyumbani," alijibu, "Nikijua zilipungua milimita ngapi, nitakwenda," wala hakujua.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akakataa matibabu mpaka Miradie alipompigia magoti, ikawa tumechelewa, akafariki hospitalini tarehe 11 Februari 2025, akiwa bado anaomba penseli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, waumini wenzetu, Hemant na mafundi wake, na wale waliomtoa Ulrich garini kwenye mvua ile.

Shemeji Bijou hawezi kusimama, ameniomba nimsemee neno alilomwambia mumewe miaka yote hii naye akageukia ukutani, nalisema kama alivyolisema: "Baba Ulrich, mimi sikukulaumu, hata siku moja."

Pumzika sasa, kaka, kando ya mwanao, kwa amani tuliyoshindwa kukupa.