Bibi wa Kituo cha Nne

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote mlioacha shughuli zenu mkafika hapa Chaani. Mimi ni Gona, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa angekuwapo mwenyewe angeshasimama kunikosoa.

Ruth Kaviha Tsofa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 huko Mwakirunge, Kisauni, mtoto wa kwanza wa mzee Tsofa Baya, aliyekuwa akichonga mawe machimboni, na mama yetu Kadzo, ambaye husimulia kwamba mtoto huyu hata kutambaa hakutambaa vya kutosha, aliinuka tu akaenda. Alisoma shule ya msingi ya papo hapo hadi 1993, kisha sekondari hadi 1997, na ni wakati huo ndipo lilipotukuta jambo ambalo halikumpa utulivu maisha yake yote.

Baba alishikwa na kifua kwa vumbi la mawe, akaandikiwa dawa ya kupuliza, na kijana aliyempa alimweleza vizuri, kisha akamuuliza kama ameelewa, naye baba, kwa adabu za wazee wetu za kutomsumbua mwenye koti jeupe, akaitikia ee mwanangu, akarudi nyumbani akawa anajipulizia kifuani juu ya shati, kama anayejitia marashi, sisi tukimtazama na kuamini anajitibu. Alifariki Februari 1998. Mwaka uliofuata Ruth alikuwa chuo cha tiba, mwalimu akaishika dawa ile ile akaonyesha inavyovutwa kwa mdomo, naye akatoka nje akalia, na wenzake hawakujua analilia nini.

Alihitimu famasia Desemba 2001, akafanya kazi katika duka la dawa huko Changamwe, ambako wateja walinung'unika kwamba dada huyu humhoji mtu kama yuko kortini, na tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa kanisani hapa Chaani na Bwana Dancun Odhiambo, mfanyakazi wa bandarini, wakajaliwa Felix mwaka 2003 na Lynnette mwaka 2008. Januari 2010 aliajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha afya, akakabidhiwa kusimamia mtihani wa vitendo, ule ambao mwanafunzi haendi wodini bila kuupita, vituo vikipangwa ukumbini, hapa anapima dawa, pale anasoma cheti cha daktari, kengele ikilia anahamia kinachofuata.

Kituo cha nne kilikuwa chake, alijitanda leso, akainama, akajifanya mgonjwa, bibi kizee wa Mwakirunge asiyesikia vizuri, na kila alichoambiwa aliitikia ee mwanangu. Mwanafunzi aliyeuliza umeelewa bibi, akaridhika na jibu hilo, alianguka, na aliyepita ni yule tu aliyesema, hebu bibi nieleze wewe utakavyoitumia ukifika nyumbani. Wanafunzi walionyana kila mwaka, na kila mwaka kengele iliwasahaulisha. Kundi jipya lilipoingia wodini, nyumbani hakukukalika, Ruth alikula amesimama, akazunguka uani, akiwaza ni nani kati yao aliyepita kwa bahati tu.

Novemba 2023 ikawa zamu ya Felix, mwanawe. Kwa kuwa mama hamsahihishi mwanawe, alama zilishikwa na Mwalimu Abdulaziz, Ruth akabaki kuwa bibi tu. Felix alieleza dawa kwa ufasaha, akauliza kama ameelewa, akaitikiwa ee, akashukuru akainuka. Mwalimu, mtu wa huruma, alisema wallahi kijana amejieleza, apite, ndipo bibi alipofunua leso akasema, "Mwalimu, mgonjwa ni mimi, na mimi sikuelewa."

Wenzake Felix walikwenda hospitalini, yeye akabaki, akahamia kwangu Likoni, na simu ya mama yake hakuipokea tena. Ruth akawa anavuka feri kila Jumamosi, anasimama mlangoni pangu, kiti hataki, anauliza kijana amekula, anarudi, maana Felix alihakikisha siku hiyo hayuko. Nilimwambia kwa hasira, dada, ungenyamaza siku ile moja tu, akanijibu kwamba sisi pia tulinyamaza baba akipulizia shati. Lakini alikuwa akiumia, jamani, alikonda, na aliogopa kwamba amempoteza mwanawe. Felix alirudia mtihani Juni 2024, akapita, akapelekwa wodini, na bado hakuja nyumbani.

Oktoba mwaka huo miguu ya Ruth ilianza kuvimba, madaktari wakakuta moyo umechoka, akalazwa mara mbili, na tarehe 11 Aprili 2025 alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akafika kwenye dirisha la dawa akiwa ameshikwa mkono na mumewe, na ndani ya koti jeupe alikuwa Felix. Alimwamkia mama yake, akamweleza dawa zake moja baada ya nyingine, naye Ruth, kwa uchovu, akaitikia ee mwanangu. Felix akasema, "Hapana, mama. Hebu nieleze wewe." Ruth akaanza, na alipofika kidonge cha tatu, kile cha kugawanywa nusu, akasema kizima. Baadhi yetu husema alikuwa akimtahini, lakini Felix anakataa, anasema aliona macho yake yakikitafuta kidonge na kukikosa. Alitoka nje na kiti, akamkalisha, akaanza upya, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Ruth alikaa akasikiliza hadi mwisho.

Garini alimwambia mumewe, "Felix amepita."

Jioni ile kijana alirudi Chaani, na ni yeye aliyemgawia vidonge hadi alipotuaga asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chaani mliopika na kulala nasi matangani, walimu wenzake pamoja na Mwalimu Abdulaziz, na wanafunzi wake, hasa mlioanguka kituo cha nne.

Dada, sisi hatukuitikii kwa adabu tu, tumeelewa, na ukituuliza tutakueleza. Kengele imenyamaza, wagonjwa wana mtu. Keti sasa, upumzike kwa amani.