Mwalimu wa Udereva na Sindano Zake za Kufumia

Ndugu, majirani, na ninyi mliojaa hadi barabarani, ambao wengi wenu mmefika hapa mkiendesha magari kwa mafunzo yake, familia imenituma mimi, mtoto wake wa kwanza, niwasomee safari ya mama yetu, ambaye ninyi mlimwita Bi Sindano.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na soko, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba huyu aliomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana hadi 1970, ambako alijifunza kufuma, akatoka na cheti kizuri na sauti ndogo.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika shule ya udereva iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na kwa kuwa wafanyakazi walifundishwa bure naye alijiandikisha, akafeli mtihani mara mbili, si kwa kutolijua gari, bali kwa sababu kila alipofika njia panda alimgeukia mtahini na kumuuliza, "Samahani mzee, naweza kukata kona?" Fundi magari wa shule hiyo, kijana mwenye maneno mengi, alimwambia kuteleza si kuanguka, na tena gari halina macho, haliwezi kujua kama dereva wake anaogopa, kwa hiyo akate kona na woga wake. Alikata, akafaulu tarehe 11 Juni 1973, na tarehe 7 Desemba mwaka huohuo akafunga ndoa na fundi huyo, ambaye ndiye baba yetu, aliyemtangulia mwaka 2015. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1975, mdogo wangu dereva wa lori mwaka 1978, na kitinda mimba wetu, binti muuza dawa, mwaka 1984.

Alipopandishwa kuwa mwalimu, mwaka 1976, aliona kwamba mwanafunzi akimkuta mwalimu ameng'ang'ania mlango anazidi kutetemeka, basi akawa anakaa kiti cha pembeni, anatoa uzi na sindano kwenye mkoba, anafuma sweta kana kwamba yuko sebuleni kwake, mguu tu ukiwa karibu na breki ya pili, ile ya mwalimu. Ninyi mliopanda ukingo wa barabara mkaambiwa, "Rudi nyuma taratibu mwanangu, hakuna anayekufukuza," mnajua ninachosema, mlimwona hana hofu, nanyi mkajiamini. Ukweli tuliujua sisi tuliozivaa zile sweta. Alizofuma nyumbani zilinyooka, ila za garini zilikuwa na vitanzi vilivyoruka, matundu ya kupitisha kidole na mikono isiyolingana, na baba akizitazama jioni alijua mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa wa namna gani. Nilipomuuliza mama kama anaogopa, alinijibu kwamba angengoja woga uishe ndipo aende kazini, tungekula nini.

Mwanafunzi aliyemshinda alikuwa kitinda mimba wetu, ambaye mwaka 2004, siku ya kwanza kushika usukani, aligonga geti la jirani, geti likalala chini, naye akaapa hatagusa gari tena, na woga huo ukamfuata hadi kazini, akawa anakataa cheo, anakataa kusimama kikaoni, akisema hayo ni ya watu wanaojiamini. Mama hakumsema, ila jambo hilo lilimkaa rohoni.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akatakiwa kliniki kila mwezi, mimi nikiwa mji mwingine na mdogo wangu safarini, majirani wakajitolea kumpeleka, akawashukuru, akakataa, akamwekea binti yake funguo mezani na kumwambia twende, daktari hasubiri. Gari la nyumbani halina breki ya pili. Gari lilimzimikia binti njia panda, akapigiwa honi na kila mwenye honi, akaendesha huku analia, na mama pembeni akaanza kufuma skafu ya bluu. Miezi ikapita, kilio kikaisha, na mwaka jana kitinda mimba wetu alikubali kuwa msimamizi wa duka zima la dawa.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024, asubuhi, watoto wake watatu tukiwa kando ya kitanda, na ameacha wajukuu sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, walimu wenzake wa udereva, majirani wote, na hasa jirani wa geti, aliyesamehe kabla hatujaomba.

Skafu ile imevaliwa na kitinda mimba wetu, itazameni akipita, mwanzo wake ni matundu matupu, lakini kadiri inavyoendelea matundu yanapungua, na nusu yake ya mwisho haina kitanzi hata kimoja kilichoruka. Leo yeye ndiye atakayeendesha gari litakalombeba mama, ameomba mwenyewe. Pumzika kwa amani, mama, ondoa mguu kwenye breki.