Siku Waya Alipomwaga Begi Lake Lote

Pale Malaba, upande wa barabara ambako malori ya kwenda Uganda hupanga mstari hadi mtu akate tamaa ya kuona mwisho, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Amondi. Foleni ikigoma kusonga, kazi nayo hulala, na wenye benchi hujikusanya: Egesa, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, ambaye wamemwita Manifesti, kama ile orodha ya mizigo, kwa vile haamini kitu kisicho na karatasi, Makokha wa tairi, jina lake Presha, na Akiror, fundi wa simu aliyejifunza kazi kwa kufungua simu zilizokufa mpaka moja ikafufuka. Huyo wanamwita Waya. Ukimgusa vibaya anachoma. Watatu hawa kwa mwaka mzima walikuwa wagonjwa wa gemu moja ya simu, Tambarare: nchi kubwa isiyo na ua, unatembea unakotaka, unakamata viumbe wa kila namna na kuwatia begini. Lakini asubuhi hiyo Waya hakuwa amekaa benchini. Alikuwa amekaa kwenye tofali, kando, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Sheria ya benchi ilikuwa fupi. Ukisema umeona kitu ndani ya gemu na huna picha, unashuka, unakaa tofali, na huruhusiwi kumpa mwenzako mbinu yoyote hadi ulete ushahidi. Aliyeitunga sheria hiyo ni Waya mwenyewe, siku alipochoshwa na uongo wa Presha. Wiki tatu zilizopita ikamrudia. Alisema amemwona Zimbeo, yule kiumbe mweupe kama unga wa muhogo ambaye hakuna mtu wa Malaba wala Busia aliyewahi kumkamata. Alisema Zimbeo alimkaribia kabisa akamnusa mkono, halafu simu ikazima. Picha hana. Na sasa wenye gemu walikuwa wametangaza kwamba siku hiyo, saa sita mchana, Zimbeo anaondolewa moja kwa moja. Saa sita ikipita kabla hajamshika, Waya angebaki mwongo mpaka azeeke.

— Saa tano hii, Presha alisema akipuliza kikombe. Dada yangu, umebakisha lisaa limoja la kuwa mkweli.

— Mimi ni mkweli tangu tumboni. Simu ndiyo ilizima.

— Simu ya fundi wa simu! Manifesti akacheka. Hiyo mimi siwezi kuigonga muhuri.

Waya akauma meno. Kama kuna kitu alichojivunia maishani, ni kwamba hajawahi kumwambia mteja skrini imekufa ilhali ni waya tu umelegea. Kuitwa mwongo kulimkera kuliko kuunguzwa na chuma cha kuchomelea. Akainama juu ya simu yake, akaendelea kumtembeza mtu wake wa gemu kwenye uwanda wa chumvi, begi limefura: viumbe arobaini na mmoja, na chambo cha aina tano.

— Shida yenu, Manifesti akaanza, ni kupenda njia za panya. Zimbeo yuko ng'ambo ya mto. Mto una daraja, daraja lina mlinzi. Nyinyi mnapita chini mkiogelea. Pita juu! Simama foleni, fungua begi, mlinzi ahesabu. Sistimu ikikuona umeingia kihalali, inakuachilia mnyama.

— Sistimu gani tena?

— Ya gemu. Kwani unadhani gemu haina ofisi?

— Wacha ofisi, boss, Presha akadakia. Huyo mnyama anafuata netiwaki. Si simu ukiisogeza pale mtoni inashika laini ya Uganda? Basi na yeye anavuka. Asubuhi yuko kwetu, jioni yuko Tororo. Jana nimeenda hadi darajani na simu mbili, moja laini ya huku, moja ya kule, nikamtega katikati.

— Ukapata nini?

— Nikapata kunyeshewa.

Mama Amondi, ambaye hakuwahi kucheza gemu hata dakika moja, akaweka birika chini.

— Mimi nawasikia tu, lakini nawaambia. Huyo mnyama anakimbia mikono yenu. Presha, wewe unashika simu na grisi ya magurudumu ishirini na mawili. Nani atakukaribia?

— Mama, kiumbe cha simu kinanusaje?

— Si Waya alisema kilimnusa?

Benchi likaangua kicheko, na Mama Amondi mwenyewe akacheka hadi kitambaa kikamwanguka kichwani. Waya akahisi masikio yanawaka. Hakuinua uso.

— Na hamjasikia ya Bumala, Presha akazidi kupanda. Kuna msee pale steji amewashika wawili, dume na jike. Amewafungia pamoja, wanazaa. Kila Jumatano mayai.

— Picha iko wapi? Waya akauliza.

— Picha... niliambiwa na mtu.

— Shuka benchi!

— Nishuke kwa nini? Sikusema nimeona mimi. Nimesema ni maneno ya Bumala.

Wote wakamgeukia Manifesti. Akafikiri, akafuta midomo.

— Hayo ni maneno ya transiti, akahukumu. Yanapita tu hapa, hayashuki. Presha akae.

— Mmeona? Mmeona haki ya Malaba? Waya akafoka. Uongo wa Bumala unakaa benchi, ukweli wangu unakaa tofali!

— Ukweli wako hauna karatasi, dada.

Wakarudia basi lile somo la kwanza la benchi, lile ambalo kila anayeanza kucheza hufundishwa hapo kabla hata ya kikombe chake kupoa: jaza begi ndipo uende. Beba wapiganaji, beba ngao, beba samaki, beba kumbikumbi, beba asali. Manifesti alikuwa na viumbe sitini. Presha sabini na wawili, na begi la pili kiunoni. Na kila walipokanyaga ule uwanda wa chumvi, Zimbeo aliinua kichwa kwa mbali, akatokomea.

Wakiwa hapo, trela likasimama upande wa pili wa barabara, likielekea Nairobi. Dereva akashuka, bwana mfupi mwenye kofia ya sufu, akavuka na kusalimia kwa Kiswahili cha upande wa Uganda.

— Mulimu, bassebo? Mama, nipatie kahawa.

— Karibu boss, Presha akamsogezea nafasi. Foleni imekulaza siku ngapi?

— Foleni gani? Mimi asubuhi nilikuwa Mbale. Na sasa niko hapa.

— Umehonga nani?

— Sijahonga mtu! Niko tupu, ssebo. Tupu nani atamsimamisha? Wanafungua nyuma, wanaona mbao za sakafu tu, wanasema genda, pita. Wenye mzigo ndio wanalala.

Kikombe cha Waya kikakwama katikati ya safari.

Siku ile. Siku aliyomwona Zimbeo, alikuwa amepigwa vibaya kwenye pango la juu. Viumbe wake wote walikuwa wamepotea, chambo kimekwisha, begi limening'inia kama soksi. Alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu, akiitukana gemu kwa Kiteso, akakata njia ya uwandani. Hapo ndipo yule mweupe alipomjia mwenyewe. Tangu hapo, kwa wiki tatu, alikuwa amefanya nini? Alikuwa amejaza begi upya, kiumbe kwa kiumbe, ili akamtafute. Nani wa Malaba angewaza vingine? Wamelelewa wakiangalia mizigo. Hapa mwenye mzigo ndiye mtu. Mtu akitoka mikono mitupu anaulizwa ameibiwa wapi.

Akafungua begi ndani ya gemu, akabonyeza kiumbe cha kwanza. Acha huru.

— Unafanya nini? Manifesti akasimama.

— Namwaga.

— Unamwaga nini?

— Vyote.

Gemu ilimwuliza kila mara kama ana hakika, naye kila mara akaijibu ndiyo. Akaenda yule mwenye pembe la shaba. Wakaenda mapacha wa mtoni. Kumi. Ishirini. Presha alikuwa amechuchumaa kando ya tofali, mikono kichwani.

— Waya, wewe ni mgonjwa! Mwaka mzima! Yule wa moto nipe basi mimi!

— Hagawiwi. Anaachwa.

— Saa sita kasoro robo, Mama Amondi akasema. Hata yeye alikuwa ameacha birika.

Akabaki mmoja. Yule mrefu wa miguu kumi na minane waliyembatiza Trela, aliyemkamata kwa siku tatu bila kufungua kazi, aliyempigania hadi kaka yake anayeishi Amagoro akachoka kumwita mvivu. Trela alikuwa amesimama kwenye skrini akipepesa macho. Una hakika?

— Usimwache Trela, Manifesti akasema kwa upole, na huo upole haukuwa kawaida yake. Dada, ukikosa Zimbeo utabaki na nini?

— Nitabaki na neno langu.

Akabonyeza. Trela akageuka, akaenda zake polepole, pingili kwa pingili. Kisha akamwaga samaki, kumbikumbi, asali, mpaka kisu. Begi likasoma sifuri.

Akamsimamisha mtu wake katikati ya uwanda wa chumvi, akaondoa kidole kwenye skrini. Zimebaki dakika kumi. Dakika nane. Presha akachomeka pawabenki yake kwenye simu ya Waya bila kuombwa. Manifesti akatoa simu yake mwenyewe, akaanza kurekodi.

— Songa mbele kidogo, Presha akanong'ona.

— Nyamaza.

— Mwite hata kwa...

— Presha, nitakuchoma!

Dakika tano. Upepo wa gemu ukapuliza chumvi. Ukingoni mwa skrini kukatokea kitu cheupe. Kikasimama. Kikainua kichwa, na wote watano pale nje wakaiinamia skrini. Halafu kikaja. Hakikukimbia wala hakikunyata, kilikuja tu, kama ng'ombe anayejua zizi lake, hadi kikamfikia mtu wa Waya, kikainamisha shingo, kikanusa kiganja chake kitupu. Skrini ikauliza kama anamchukua.

Waya akabonyeza.

Kelele iliyotoka pale benchini iliwafanya madereva wa foleni wachungulie madirishani. Presha alipiga mbio hadi kwenye kompresa yake akafungulia hewa, ikalia fyuuu barabara nzima. Lori la kwanza likajibu kwa honi bila kujua sababu, la pili likafuata, la tatu, hadi mstari mzima wa Malaba ukawa unapiga honi. Mama Amondi alimkumbatia Waya akamwagia kahawa begani, na Waya, ambaye siku nyingine angechoma mtu kwa kosa hilo, alikuwa analia na kucheka.

— Nimeirekodi! Manifesti alikuwa akipaza sauti, simu juu. Mwanzo hadi mwisho! Saa sita kasoro dakika tatu! Malaba ya kwanza! Busia watajua leo!

Akamtazama Waya, sauti ikashuka.

— Dada Akiror. Mimi nilikosa. Panda ukae. Na utupe mbinu.

Waya akakaa katikati ya benchi, akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Manifesti na Presha wakainama mbele kama wanafunzi.

— Mbinu ni moja. Nenda tupu. Ukibeba kitu anakuona umekuja kupigana au kumnunua. Ndiyo maana alikuwa anawakimbia. Basi.

— Basi? Presha akauliza.

— Basi. Ukiongeza hapo unadanganya watu.

Yule dereva wa kofia ya sufu alikuwa bado amesimama, kikombe mkononi, akimwangalia Zimbeo akizunguka kwenye skrini na kusugua kichwa chake kwenye magoti ya mtu wa Waya.

— Ni mzuri, banange, akasema. Naye anakula nini?

Presha akafungua mdomo, ukaonekana wazi ule uongo ukipanda kooni, kisha akaufunga. Manifesti akakohoa. Asali, samaki, kumbikumbi, vyote walivyowahi kumtegea vilibaki kule uwandani na mnyama hakuvitazama. Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Waya, hata Mama Amondi, hata utingo wa lori la jirani aliyekuwa ameshuka kuuliza honi zilikuwa za nini.

Waya akamtazama mnyama wake.

— Sijui, akasema.

Na benchi zima likamwamini.