Kurasa Zilizosimamisha Mtaa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnitegee sikio kidogo, niwasimulie maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba zilizo nyuma ya tangi la maji, akiwa kifungua mimba wa mzee wetu aliyekuwa fundi saa, akasoma shule ya msingi ya mtaa huu kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, ambako, tusifichane, aliadhibiwa mara nyingi kwa kukatakata majalada ya madaftari.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kujalidi vitabu, akadumu hapo miaka thelathini na tisa, na kwa mabaki ya karatasi ngumu akawa anatengeneza vitabu ambavyo ukifungua ukurasa, jengo linainuka na kusimama wima, iwe soko, mnara wa saa au daraja la reli, kila jengo akilipima kwa hatua zake mwenyewe kabla ya kushika mkasi.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga pasi wa duka la dobi, wakajaliwa watoto watatu. Kitabu chake chenye majengo ya mtaa wetu mzima kilipokamilika mwaka 1981, duka la dobi halikuwemo, kwani marehemu aliona si mahali pa kujivunia, na shemeji alimnunia siku tisa, ambazo marehemu alikwenda kazini na mashati yaliyokunjamana, mtaa mzima ukajua kulikoni. Alikiri kosa, akaahidi kulitengenezea duka hilo ukurasa wake, lakini ukurasa huo ulimshinda miaka nenda miaka rudi, maana alitaka kamba za nguo zijitandaze zenyewe, nazo kila mara zilipiga fundo.

Mwaka 2019 mikono ilianza kutetemeka, na Februari 2024 moyo ukadhoofika, akalazwa. Hofu yake ilikuwa moja, na aliisema wazi, kwamba ataondoka bila ukurasa ule. Ndipo shemeji akavuta kiti kitandani pake, akaikunja karatasi kama alivyokunja mashuka ya watu maisha yake yote, marehemu akielekeza kwa kidole, wakibishana kama kawaida yao, hadi tarehe 3 Oktoba kamba zikatanda bila fundo, naye akafungua na kufunga mpaka muuguzi akamsihi apumzike. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia vipande vya karatasi wodini, majirani, na wenzake wa kiwandani waliojalidi juzi kitabu kipya chenye ukurasa huo. Vitabu vyote vya awali vilibeba jina lake peke yake. Katika hiki, kwa mwandiko wake uliotetemeka, ametanguliza jina la mke wake.

Lala kwa amani, kaka, kazi umeimaliza.